Mwanga Usioonekana na Mahindi ya Githeri: Historia ya Kipimo Kimoja

Huenda wewe ni yule ambaye kipindi kilipita ukiwa kazini na sasa unakisoma katika kijitabu hiki, labda wakati wa mapumziko ya saa saba, sahani ya githeri ikiwa magotini. Mimi ni muuguzi wa afya ya jamii. Leo nataka tuzungumze historia kidogo. Usishtuke, maana historia yenyewe inahusu hiyo sahani.

Katika mikutano ya afya hapa Athi River kuna swali ambalo haliishi: mtu atajuaje kwamba mahindi anayonunua hayana sumu? Mama anayeuza chakula nje ya geti la EPZ huuliza. Kijana anayepiga pasi kiwandani, anayenunua gorogoro moja ya mahindi kila baada ya mshahara, naye huuliza. Siku hizi swali limeota mkia: "Sista, nimesikia kuna mashine inayomulika chakula kwa taa tu, na papo hapo inakwambia kilichomo. Ni kweli?"

Ni kweli, lakini si kweli yote. Tuifuate safari ya mashine hiyo tangu ilipoanza, kisha utaona mwenyewe inaweza nini na haiwezi nini.

Kwanza tukumbushane kwa nini swali hili ni zito kwetu sisi wa Machakos kuliko kwa watu wengine wengi. Sumu ninayozungumzia inaitwa aflatoksini. Hutengenezwa na ukungu unaoota kwenye mahindi, njugu na nafaka nyingine zikikosa kukauka vizuri. Wanasayansi waliijua baada ya mwaka 1960, pale zaidi ya bata mzinga 100,000 walipokufa Uingereza kwa kulishwa chakula cha njugu kilichooza. Miaka 20 haikuwa imepita sana kabla ya zamu yetu kufika. Mwaka 1981 wagonjwa 20 walilazwa katika hospitali za Machakos wakiwa na ini lililoharibika. Kati yao 12 walikufa. Madaktari walichapisha habari hiyo mwaka 1982 katika jarida la Lancet la Uingereza, na tangu hapo jina la Machakos limo katika vitabu vya tiba kwa sababu ambayo hakuna aliyeitamani.

Kisha ukaja mwaka 2004. Wengi wenu mnaukumbuka, na baadhi yenu mlizika. Mvua ilinyesha wakati usio wake, mavuno yakiwa mashambani. Watu waliogopa njaa na wezi, wakaingiza mahindi yakiwa bado na maji, wakayahifadhi ndani ya nyumba wanamolala. Katika wilaya za wakati huo za Makueni, Kitui, Machakos na Thika, watu 317 waliugua kufikia Julai mwaka huo, na 125 wakafariki. Watafiti walipozunguka sokoni kupima mahindi yaliyokuwa yakiuzwa, zaidi ya nusu ya sampuli zilizidi kiwango kilichoruhusiwa wakati ule.

Sasa fikiria jinsi kipimo kilivyofanyika. Sampuli ya mahindi huchukuliwa, hupelekwa maabara, husagwa, huchanganywa na kemikali, kisha husubiriwa. Karatasi ya matokeo ikirudi kijijini, sufuria imeshaoshwa. Kwa hiyo kila mtu anayeshughulika na chakula, kuanzia mkulima hadi msagaji, ana hamu ya kipimo cha haraka kisichohitaji maabara. Hamu hiyo ndiyo iliyozaa mashine ya mwanga.

Turudi nyuma hadi mwaka 1800. Huko Uingereza alikuwako mtu aitwaye William Herschel, mzaliwa wa Ujerumani, mtazama nyota hodari ambaye alikuwa ameshaigundua sayari ya Uranus mwaka 1781. Herschel alipitisha mwanga wa jua katika kioo cha pembe tatu, ukatawanyika ukawa rangi kama za upinde wa mvua. Akaweka kipimajoto kwenye kila rangi ili ajue ipi ina joto zaidi. Kuelekea nyekundu joto likazidi. Halafu akakiweka nje ya nyekundu, mahali ambapo jicho halioni rangi yoyote. Kipimajoto kikapanda zaidi. Kulikuwa na mwanga pale, ila jicho la binadamu halikuumbiwa kuuona. Mwanga huo ndio tunaouita infraredi, maana yake ulio chini ya nyekundu. Sehemu yake iliyo jirani na nyekundu huitwa infraredi ya karibu. Ukitaka vipimo, huanzia nanomita 700 hivi na kufika 2,500, na nanomita moja ni milimita iliyogawanywa mara milioni moja.

Mwanga huu unahusianaje na chakula? Chukua mfano wa ala yenye nyuzi, kama gitaa. Kila uzi una sauti yake. Ukiimba karibu na gitaa sauti inayolingana na uzi mmoja, uzi huo hutetemeka peke yake, mingine ikatulia. Vitu vyote tunavyokula vimefungamanishwa kwa nyuzi ndogo mno zisizoonekana. Maji yana nyuzi zake, mafuta yana zake, protini ina zake. Ukimulika mahindi kwa infraredi ya karibu, nyuzi za maji humeza sehemu fulani ya mwanga, hasa karibu na nanomita 1,450 na 1,940. Nyuzi za mafuta humeza kwingine, na za protini kwingine tena. Mwanga usiomezwa hurudi. Mashine husoma uliorudi, ikahesabu uliopotea, ikakadiria kuna maji kiasi gani na protini kiasi gani. Hakuna kilichosagwa wala kuchomwa, wala tone la kemikali halikutumika. Mahindi uliyopima unaweza kuyarudisha kwenye gunia.

Ukisikia hivyo utadhani watu walikimbilia kuutumia. La. Kwa zaidi ya miaka 100 wanasayansi waliuacha mwanga huu kando, kwa sababu alama zake hulaliana. Ya maji hukaa juu ya ya protini, ya mafuta ikaingilia kati, kama stesheni tatu za redio zilizogongana kwenye mawimbi yaleyale. Wakemia wenye heshima zao waliona ni uchafu mtupu.

Aliyeuchambua uchafu huo hakuwa mkemia. Alikuwa mhandisi aitwaye Karl Norris, mtumishi wa Wizara ya Kilimo ya Marekani katika kituo cha Beltsville, jimbo la Maryland. Alianza na mayai, akitafuta njia ya kuyakagua kwa mwanga bila kuyapasua. Baadaye akageukia unyevu wa nafaka. Alipogundua kwamba alama moja haitoshi kwa sababu zinalaliana, aliamua kusoma mahali kadhaa kwa pamoja na kuiachia hesabu ifanye kazi ya kutenganisha. Mwaka 1968 yeye na mwenzake Itzhak Ben-Gera walichapisha kazi zao kuhusu upimaji wa vyakula kwa njia hiyo, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 mashine za kuuzwa zikaanza kutoka viwandani Marekani. Norris alifariki mwaka 2019 akiwa na miaka 98. Wenzake walikuwa wanamwita baba wa fani hii, na nadhani hawakukosea.

Lakini hatua iliyonigusa mimi kama muuguzi ilitokea Kanada. Kabla ya hapo, protini ya ngano ilipimwa kwa njia ya Johan Kjeldahl, mkemia wa Denmark aliyeibuni mwaka 1883 katika maabara ya kampuni ya bia ya Carlsberg. Njia hiyo ni ya kuaminika, ila ni ya kuchemsha chakula katika tindikali kali ya salfa, na kwa miaka mingi maabara zilitia zebaki ili kuharakisha kazi. Fikiria chumba ambamo mamia ya sampuli huchemshwa hivyo kila siku, na mtu amesimama pale tangu asubuhi hadi jioni. Mwaka 1975 Tume ya Nafaka ya Kanada, kwa kazi ya mkemia Phil Williams, iliiacha njia hiyo katika kupima protini ya ngano yao ikachukua mashine ya mwanga. Historia nyingi husifu uharaka na gharama ndogo. Mimi nasifu kwamba watu walitolewa kwenye moshi wa tindikali. Tunapozungumza usalama wa chakula huwa tunamhesabu aliyekila, tukamsahau aliyekipima, kama vile wengi wanaovaa suruali iliyoshonwa hapa EPZ wasivyomfikiria aliyevuta vumbi la kitambaa.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo penye kiini cha mambo. Mashine hii haizaliwi na akili. Lazima ifundishwe. Kwanza unakusanya sampuli nyingi, pengine mamia, unazipima kwa njia ile ya zamani ya kemikali. Kisha unaionyesha mashine kila sampuli na kuiambia, hii ina protini asilimia 9, hii 11, hii 8. Mashine inajenga hesabu yake. Baada ya hapo ukiipa sampuli mpya, inailinganisha na zile ilizofundishwa. Kwa hiyo inajua tu kile ilichofundishwa. Mashine iliyofundishwa kwa ngano ya Kanada, ukiipa mahindi ya Mwala itakupa jibu tu, tena kwa kujiamini, na jibu hilo litakuwa bure.

Wenzetu wa Afrika Mashariki waliliona hilo mapema. Hapo Nairobi, mtaa wa Gigiri, kuna ICRAF, kituo cha utafiti wa miti na kilimo. Mwaka 2002 Keith Shepherd na Markus Walsh wa kituo hicho walichapisha kazi waliyofanya kwa sampuli zaidi ya 1,000 za udongo wa mashariki na kusini mwa Afrika. Walitengeneza kitu kama maktaba: badala ya vitabu kuna alama za mwanga za udongo wetu wenyewe, kila moja ikiwa na matokeo yake ya kemikali. Ukileta udongo wa shamba lako, mashine huulinganisha na maktaba, ikakadiria hali ya rutuba yake. Utaniuliza, muuguzi na udongo wapi na wapi? Udongo uliochoka hautoi chakula chenye nguvu. Nami huwapokea watoto wa chakula hicho kliniki na kuwaweka kwenye mizani.

Kule Namulonge, Uganda, wataalamu wa viazi vitamu nao waliitumia mashine ya namna hii. Walikuwa wakitafuta viazi vyenye rangi ya machungwa, vile vyenye karotini nyingi ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Mtafiti anayekuza maelfu ya miche hawezi kupeleka kila kiazi maabara. Kwa mwanga anaweza kuchuja vingi kwa siku moja. Mganda Robert Mwanga alikuwa miongoni mwa watu wanne waliopewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2016, watatu kati yao kwa kazi ya viazi hivyo. Ukiviona sokoni Kitengela, nunua. Mtoto wa miaka 3 havikatai.

Tanzania wao walikwenda mahali ambapo mimi nisingewaza. Watafiti wa Taasisi ya Afya ya Ifakara, akiwemo Valeriana Mayagaya, walimulika mbu. Kazi yao ilichapishwa mwaka 2009. Sababu ni hii: mbu akinyonya damu yenye vijidudu vya malaria, huchukua takriban siku 10 au zaidi kabla hajaweza kuambukiza mtu mwingine. Kwa hiyo mbu kijana hana madhara ya malaria. Mzee ndiye hatari. Lakini utajuaje umri wa mbu? Njia ya zamani ni kumpasua chini ya darubini, mmoja mmoja, kwa mikono isiyotetemeka. Kwa mwanga walimudu kutenganisha walio chini ya siku 7 na waliozidi, wakipata sawa karibu mara 8 katika kila 10. Hiyo husaidia kujua kama dawa ya kupulizia au neti zinafupisha maisha ya mbu kweli. Hapa Athi River malaria si nyingi, lakini kila Januari tunawaona waliotoka likizo ya Krismasi Busia na Siaya wakija na homa, basi jambo hili ni letu pia.

Na ulidhani hujawahi kukutana na infraredi? Ile klipu tunayokubana kidoleni hospitalini, inayoonyesha namba ya oksijeni, ni ndugu wa mashine hizi. Ilianza na mhandisi wa Japani, Takuo Aoyagi, mwaka 1974. Ina taa mbili, moja nyekundu na moja ya infraredi. Hiyo haisomi mwanga uliorudi bali uliopenya kidole, ila wazo ni lilelile: damu yenye oksijeni humeza mwanga tofauti na isiyo nayo. Wakati wa korona mwaka 2020 klipu hizi zilikuwa kama dhahabu.

Desemba mwaka huohuo wa 2020, madaktari wa Marekani walitoa taarifa katika jarida la New England Journal of Medicine iliyotufanya wengi tukae kimya kwa muda. Walichukua wagonjwa ambao klipu iliwaonyesha wako salama, kati ya asilimia 92 na 96, wakalinganisha na damu yao iliyopimwa maabara. Miongoni mwa wagonjwa weusi, karibu 12 katika kila 100 walikuwa kwa kweli wako chini ya 88, yaani katika hatari. Miongoni mwa wazungu walikuwa karibu 4. Rangi ya ngozi nayo humeza mwanga, na kwa miaka mingi klipu zilisawazishwa zaidi kwa watu wa ngozi nyeupe. Unaona? Ni jambo lilelile la mashine na mwalimu wake. Sisemi uikatae klipu, tunaihitaji sana. Nasema muuguzi anayetazama namba tu bila kutazama kifua cha mgonjwa kinavyopanda na kushuka amefanya nusu ya kazi.

Turudi kwenye sahani. Je, mwanga unaiona aflatoksini?

Kiwango kinachoruhusiwa cha aflatoksini zote katika mahindi Kenya ni sehemu 10 kwa bilioni. Namba hiyo ni ndogo kiasi kwamba haisemi kitu mpaka uigeuze. Ni gramu moja ya sumu ikiwa imetawanyika katika magunia 1,100 hivi ya kilo 90. Mashine ya infraredi ya karibu ni hodari kwa vitu vilivyo vingi, kama maji, wanga, protini na mafuta, ambavyo huhesabiwa kwa asilimia. Gramu moja katika malori kadhaa haiwezi kuiona moja kwa moja. Inachoweza kuona ni nyayo za ukungu, yaani punje iliyoliwa, iliyobadilika, iliyopungua uzito. Mahali penye nyayo, mwizi huenda yupo. Lakini kuna punje yenye ukungu isiyo na sumu, na kuna punje safi machoni iliyojaa sumu. Kwa hiyo mtu akikwambia ana kimashine cha mkononi cha kumulika gunia na kukupa uhakika kwamba halina aflatoksini, mwambie asante na uendelee na safari yako. Uhakika huo bado ni kazi ya maabara na ya vile vipimo vya kemikali vya haraka vinavyotumiwa na wasagaji wakubwa.

Hata hivyo mwanga umepata kazi nyingine nzuri, ya kuchambua. Sumu hii ina tabia ya ajabu: haienei sawasawa. Katika gunia zima, punje chache sana zaweza kubeba karibu sumu yote. Ukizitoa hizo, umeliokoa gunia. Mwaka 2017 kundi la watafiti, wakiwemo Matthew Stasiewicz na Mkenya Samuel Mutiga, walichapisha majaribio ya mashine ya kuchambua mahindi ya Kenya punje kwa punje. Kila punje ilipita mbele ya taa za rangi mbalimbali, zikiwemo za infraredi, na iliyotiliwa shaka ikapulizwa pembeni kwa hewa. Mahindi yaliyobaki yalikuwa na sumu kidogo kuliko yale yaliyotupwa. Nia ilikuwa mashine ya bei nafuu ambayo hata posho mili ya mtaani ingeweza kuwa nayo. Mimi nangoja siku hiyo. Hadi sasa mashine za kuchambua kwa mwanga ninazozisikia zimo katika viwanda vikubwa, ilhali watu waliokufa mwaka 2004 wengi wao walikula mahindi waliyolima wenyewe. Kiwanda hakikuwahi kuyaona mahindi hayo.

Na unga wa pakiti nao si kinga kamili. Novemba 2019 Shirika la Ubora wa Bidhaa, KEBS, lilipiga marufuku aina 5 za unga wa mahindi zilizokuwa madukani kwa sababu ya aflatoksini. Machi 2021 serikali ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu hiyohiyo, kisha baada ya siku chache ikayaruhusu kwa masharti.

Nikiacha mahindi kidogo, kuna kisa cha China cha mwaka 2008 ambacho kinaonyesha upande mwingine wa vipimo. Wafanyabiashara walitia maji kwenye maziwa, kisha wakaongeza melamini, kemikali ya kutengenezea plastiki, ili maziwa yaonekane yana protini. Ujanja ulifanikiwa kwa sababu njia ya Kjeldahl haipimi protini yenyewe, hupima naitrojeni, na melamini ina naitrojeni tele. Watoto karibu 300,000 waliugua, wengi kwa mawe ya figo, na 6 wakafa. Baada ya hapo watafiti wengi walijaribu njia za mwanga, kwa kuwa melamini ina alama yake tofauti na ya protini na haiwezi kujificha kirahisi vile. Ikiwa kidogo sana, nayo hupita.

Nyinyi wa kushona mtaniambia nimewasahau. Tangu sheria ya EPZ ya mwaka 1990, na hasa tangu AGOA ya mwaka 2000, nguo nyingi zimepita mikononi mwenu kwenda Marekani zikiwa na lebo inayosema pamba asilimia kadhaa, poliesta asilimia kadhaa. Mwanga uleule husoma pamba na poliesta bila kuchana uzi. Kule Malmö, Sweden, mwaka 2020 walifungua kiwanda cha kupanga nguo kuukuu kwa infraredi: pamba huku, poliesta kule. Huenda shati ulilolishona likapita chini ya taa hiyo siku moja.

Sasa wewe usiye na mashine ufanye nini? Bibi zetu walikuwa na baadhi ya majibu. Kwa unyevu, chukua chupa ya kioo iliyo kavu kabisa, tia mahindi kiasi cha robo, ongeza vijiko viwili au vitatu vya chumvi iliyokauka, funga, tikisa kwa dakika kadhaa, kisha uiache itulie. Chumvi ikishika kwenye kioo, mahindi bado yana maji mengi, zaidi ya asilimia 15 hivi. Kiwango cha kuhifadhi ni asilimia 13.5. Yaanike tena, juu ya turubai na si juu ya udongo. Usiyaweke sakafuni, yaweke juu ya mbao. Wale wenye shamba nyumbani, uliza kuhusu Aflasafe, dawa ya ukungu usio na sumu unaofukuza ule wenye sumu shambani; kiwanda chake kilijengwa hapa kwetu, kituo cha KALRO Katumani.

Kabla ya kupika, chambua kwa mkono. Toa zilizovunjika, zilizobadilika rangi, zilizonyauka, zenye unga wa kijani. Usizitupie kuku, maana zinamdhuru naye, na kuku utamla. Usizipeleke kusagwa kando "za kupikia pombe". Na muthokoi, mpenzi msikilizaji, usiudharau. Watafiti wa Kenya walionyesha mwaka 2008 kwamba kukoboa mahindi kuyafanya muthokoi hupunguza aflatoksini karibu nusu kwa wastani, kwa sababu sehemu kubwa imo kwenye ganda na kiini. Kinachobaki huwezi kukimaliza kwa moto. Kuchemsha kutwa nzima hakuiui sumu hii.

Aliyekula nyingi huanza na kutapika, maumivu ya tumbo, kukosa hamu ya chakula, kisha macho na mkojo huwa wa manjano, miguu na tumbo huvimba. Usingoje mshahara. Nenda hospitali, na uende na mahindi au unga uliokula, hata mkono mmoja, ukiwa ndani ya karatasi, ili wenzangu wa maabara wapate cha kupima. Anayekula kidogo kidogo kwa miaka hapati dalili, ila ini lake liko katika hatari ya saratani, na hatari hiyo huzidi sana ikiwa ana homa ya ini aina ya B. Chanjo yake imo katika zile sindano za mtoto mchanga tangu mwaka 2001, za wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Angalia kadi ya kliniki ya mwanao leo jioni. Kama wiki ya 14 haina tarehe, mlete.

Wiki ijayo, saa ileile, tutazungumza juu ya maji ya kisima chenye chumvi na shinikizo la damu. Kwaheri.